Askofu Steere na Kanisa la Mkunazini

Katika mji wa Unguja, mtaa wa Mkunazini, lipo kanisa kubwa la mawe, na nyuma ya madhabahu yake pana kaburi. Aliyezikwa humo hakuzaliwa Unguja, wala hakuwa na jamaa huko. Jina lake Edward Steere. Kabla yeye hajalijenga kanisa lile, mahali pale palikuwa soko, na bidhaa iliyouzwa katika soko hilo ilikuwa watu. Nataka kuwaeleza habari za mtu huyu na jinsi alivyojenga, kwa maana habari hizi zatuhusu sisi watu wa Rufiji kuliko tudhanivyo.

Mimi nililiona kanisa lile mara ya kwanza nikiwa mtu mzima tayari, nilipokwenda pamoja na wanafunzi wangu kumi na wanane. Tuliondoka Kibiti usiku, jogoo wa kwanza hajawika, tukafika Dar es Salaam asubuhi, tukapanda meli. Wengi wao walikuwa watoto wa delta, waliozaliwa karibu na mikoko, ambao hujua kupiga kafi kabla ya kujua kusoma. Lakini bahari kuu hawakuwa wamepata kuivuka, na wawili walitapika mpaka tulipoingia bandarini. Tulipoingia kanisani wote walinyamaza. Ndipo mtoto mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa mitumbwi, akatazama juu kwa muda mrefu, akaniuliza boriti ziko wapi. Nikatazama juu nami, nisione hata boriti moja. Siku ile sikuweza kumjibu. Jibu nililipata baadaye, katika kusoma habari za Askofu Steere, nalo litakuja mahali pake.

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, na mwana naye alifundishwa sheria katika chuo kikuu cha mji huo. Alifaulu sana hata akapewa nishani ya dhahabu, na alipopata umri wa miaka 22 alikuwa amekwisha kupata daraja ya udaktari wa sheria na ruhusa ya kusimama mahakamani kutetea watu. Njia ya mali na heshima ilikuwa wazi mbele yake. Lakini kazi ile haikumtuliza moyo. Mwaka 1856 akafanywa shemasi, na mwaka 1858 kasisi, akaenda kuwahudumia watu wa mashamba na wavuvi katika wilaya ya Lincoln, upande wa mashariki ya Uingereza, mahali pa tambarare na pepo za baharini. Watu wa huko hawakuwa wepesi wa kumsifu mgeni, lakini yeye walimpenda kwa kuwa hakuogopa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi kama wao.

Hapa sina budi kusimama kidogo niwaeleze habari za kanisa kuu la mji wa Lincoln, maana ndilo lililokuwa kanisa la askofu wa nchi ile Steere alimokaa. Ukuta wake wa mbele ulianza kujengwa katika miaka ya 1000, ukachongwa katika miaka ya 1100. Zamani hizo waashi wa Ulaya walijenga kwa kuta nene sana, nguzo nzito, na matao yaliyoviringana kama nusu ya duara. Namna hii ya kujenga huitwa Kiromaneski, kwa sababu waashi wale walifuata mifano ya majengo ya Warumi wa kale. Katika ukuta ule wa Lincoln uko mstari wa mawe yaliyochongwa sura za watu na wanyama. Nuhu yumo, anajenga safina yake. Danieli yumo, kati ya simba. Na waovu wamo, wanateswa kuzimu. Watu wengi wa zamani hizo hawakujua kusoma, basi ukuta ndio uliokuwa kitabu chao. Mzee akipita na mjukuu wake alimwonyesha kwa kidole, hadithi ikafuatana na hadithi mpaka mwisho wa ukuta. Fundi wa mitumbwi wa Mbwera au Salale angesimama mbele ya Nuhu yule atazame kwanza jinsi anavyofanya kazi.

Steere angeweza kumaliza maisha yake huko. Lakini alikuwa na rafiki, jina lake William Tozer, naye alikuwa kasisi jirani. Mwaka 1862 Askofu Mackenzie, aliyekwenda kuanzisha kazi ya misioni karibu na mto Shire katika nchi ambayo leo ni Malawi, alikufa kwa homa, na Tozer akachaguliwa kushika mahali pake. Steere alijitolea kumsindikiza rafikiye. Alikusudia kukaa naye muda mchache, kisha arudi. Mkewe, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu, alibaki Uingereza. Muda ule mchache ukawa karibu miaka ishirini.

Walipofika Zambezi mwaka 1863 waliona mambo mazito. Nchi ilikuwa imeharibiwa na vita na njaa na biashara ya watumwa, na homa ilikuwa haiachi mtu. Wakajaribu kukaa juu ya mlima mmoja, ikashindikana. Basi Tozer akakata shauri kuondoka, wakaja Unguja mwezi wa Agosti 1864. Dakta Livingstone alikasirika sana aliposikia, akaona wamekimbia. Mimi naona kwamba katika jambo hili Tozer alikuwa na haki, kwa maana katika Unguja ndimo zilimokutana njia zote za bara, na lugha iliyosikiwa katika njia hizo zote ilisemwa humo.

Siku zile Sultani Majid alikuwa amekamata jahazi lililochukua watumwa bila ruhusa, akampa Tozer watoto wa kiume watano waliotolewa katika jahazi lile. Watoto hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Hawakujua Kiingereza, na walimu wao hawakujua Kiswahili, kila upande ukatazama upande wa pili kama bubu. Mmoja wa watoto hao, John Swedi, alifanywa shemasi na Steere mwenyewe mwaka 1879, baada ya miaka kumi na mitano.

Steere akaona kwamba mwalimu asiyejua lugha ya wanafunzi wake ni mwanafunzi mwenyewe. Akaanza kujifunza. Hakujifungia chumbani na vitabu, maana vitabu vya Kiswahili alivyoweza kuvitumia vilikuwa vichache mno. Alikwenda kwa wenyeji wa mji, waungwana na vijana, akawasikiliza wakizungumza, akaandika maneno yao, akarudi kuwauliza kama ameandika sawasawa. Waungwana wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Yeye alitumia herufi za Kirumi, hizi tusomazo sasa. Aliwaomba pia wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama zilivyotoka kinywani. Mwaka 1870 vilipigwa chapa London vitabu vyake viwili, kimoja cha sarufi na maneno ya Kiswahili cha Unguja, na kimoja cha hadithi. Ile hadithi ya kima na papa, kima aliyedai kwamba moyo wake ameuacha mtini, ambayo bibi zetu walitusimulia bila kitabu, imo katika kitabu kile, ndani ya kisa cha punda wa dobi.

Tena alileta mashine ya kupiga chapa, akawafundisha vijana kupanga herufi za risasi moja moja, kutia wino na kukunja karatasi. Hivyo watoto waliokuwa wameuzwa kama mizigo wakawa mafundi wa vitabu. Alipata pia kuandika mwanzo wa sarufi za Kishambala, Kiyao na Kinyamwezi, kwa kuwauliza watu wa makabila hayo waliokuwako Unguja, na wengi wao hawakuja kwa hiari yao.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza. Kila mtu alidhani kazi yake ya Afrika imekwisha. Lakini mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikazamisha majahazi, ikang'oa minazi na mikarafuu, ikabomoa nyumba. Tozer alikuwa mgonjwa, na kazi ilikuwa karibu kufa. Steere akarudi mwaka uo huo.

Sasa nasema habari za soko. Katika mtaa wa Mkunazini palikuwa na uwanja ambao kila siku alasiri watu waliletwa wakapangwa kwa safu, wakubwa na wadogo, wakatazamwa meno na mikono, wakanunuliwa. Walitoka bara, wengi pande za Nyasa, wakashushwa pwani Kilwa, na kutoka Kilwa wakaletwa Unguja kwa majahazi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, kwamba watumwa wasipelekwe tena kwa njia ya bahari, na masoko ya watumwa yafungwe. Soko la Mkunazini likafungwa. Uwanja ukabaki mtupu.

Kasisi mmoja wa misioni, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja ule kwa fedha yake, akaitoa. Na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo, alitoa sehemu nyingine bure. Steere alianza kwa kufundisha katika kibanda cha udongo pale pale uwanjani. Kisha, siku ya Krismasi 1873, miezi sita na siku ishirini tangu mkataba, likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Wanafunzi wa Rufiji, sikilizeni jambo hili vizuri. Mkataba ulifunga njia ya bahari, lakini haukufunga njia ya nchi kavu. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha biashara. Waliwapandisha watumwa kwa miguu, kuandama pwani upande wa kaskazini, mpaka Pangani, na kutoka huko wakawavusha kwa siri kwenda Pemba. Na ukitoka Kilwa kwenda kaskazini kwa miguu, huwezi kufika bila kuvuka mto Rufiji. Basi misafara ilipita kwetu. Ilivuka mto huu unaotulisha, ikapita katika nchi hii iliyo kati ya mto na Kibiti, njia ile ambayo leo magari ya Lindi na Mtwara hupita juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mwingereza mmoja, Kapteni Elton, alitumwa kutazama mambo hayo. Alisafiri kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, akakutana na misafara ikija, akahesabu. Kutoka siku chache kabla ya Krismasi 1873 mpaka siku ishirini za mwezi wa Januari 1874 alihesabu watumwa zaidi ya 4,000.

Tazameni tarehe. Siku jiwe la msingi lilipowekwa Mkunazini, na watu wakaimba kwa furaha kwa kuwa soko limekwisha, siku hizo hizo watu walikuwa wakitembea na minyororo shingoni katika nchi ya Rufiji. Mwaka 1876 ndipo Sultani Barghash alipotoa amri ya kukataza misafara ya watumwa katika nchi kavu pia, na hata baada ya amri hiyo biashara ya siri iliendelea. Utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika Unguja mpaka mwaka 1897.

Sasa nirudie ujenzi, na swali la yule mtoto wa fundi wa mitumbwi. Nyumba za mawe za Unguja zina vyumba virefu lakini vyembamba, na sababu yake yatoka kwetu. Dari za nyumba zile zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti nyingi zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Boriti ya mkoko ni ngumu, wala mchwa hauiwezi upesi. Lakini urefu wake una kiasi. Mwashi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko boriti iwezavyo kufika kutoka ukuta hadi ukuta. Steere alitaka nyumba ambayo mamia ya watu wangeweza kusimama pamoja. Hapakuwa na boriti ya kufika upana huo, na mbao ndefu za kutoka Ulaya zingekuwa na gharama kubwa, tena mchwa ungezila.

Akakata shauri kujenga paa lisilo na boriti hata moja. Alitumia njia ya wale waashi wa kale wa Kiromaneski, yaani paa la mviringo, tao moja refu kutoka mlango mpaka madhabahu. Mkitaka kulifahamu, chukueni mtumbwi mkaupindue juu ya kuta mbili: ndani yake ndilo paa la Mkunazini. Lakini Steere hakuwa na mawe ya kuchonga kama ya Lincoln. Alichokuwa nacho ni matumbawe ya bahari. Aliyaponda, akachanganya na saruji, akapata zege. Ili zege likae katika umbo lake, shurti kwanza yajengwe majukwaa na kalibu ya mbao chini yake, zege limwagwe juu, liachwe likauke. Ndipo mbao ziondolewe. Baada ya hapo paa hujishika lenyewe, kwa sababu kila sehemu yake huegemea sehemu ya pili, na uzito wote hushuka kwa mviringo mpaka kutani. Ndiyo sababu kuta ni nene: paa la namna hii huzisukuma nje mchana na usiku, na ukuta mwembamba ungefunguka.

Watu wa mji hawakuwa wameona jambo kama hili. Wengi walisema litaanguka, nao hawakuwa wajinga. Walijua kazi ya chokaa na mawe kuliko Mzungu yeyote, na katika ujuzi wao wote hawakuona paa pana kama lile likisimama bila mti. Steere alikuwa mwanasheria na mtu wa vitabu, wala hakufundishwa uashi. Alisimama juani pamoja na mafundi, akapima, akahesabu, akaagiza, akarekebisha. Mafundi walikuwa watu wa mji pamoja na mahuru, yaani watu waliokombolewa katika majahazi. Yawezekana miongoni mwa waliochukua mawe wamo waliopata kusimama katika uwanja ule ule wakiuzwa. Mbao zikaondolewa. Paa likabaki juu, na lipo hata leo.

Kufikia mwaka 1880 kanisa lilikuwa limejengwa. Saa iliyomo katika mnara ilitolewa na Sultani Barghash, naye alikuwa Mwislamu. Kwa hiyo kiwanja sehemu yake ni ya Mhindu, na saa ni ya Mwislamu. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao ni Waislamu, walifurahi sana kusikia hivyo, na mmoja alisema na wenziwe kama kwamba saa ile ameitoa babu yake.

Liko jambo moja la kuchekesha, nalo husimuliwa na kila amwongozaye mgeni mle ndani. Karibu na mlango wa magharibi ziko nguzo fupi kumi na mbili za marumaru. Steere alikuwa hayupo zilipowekwa, na mafundi, kwa kuwa hawakuwa wameona nguzo za namna ile, walizisimamisha kichwa chini, kitako juu. Aliporudi akaziona. Fikirini kazi ya kuzisimamisha, na fedha, na siku. Aliziacha vile vile. Wengine husema aliziacha ili ziwe ukumbusho wa watu waliojenga. Mimi nadhani pia alikuwa mtu wa akili, akaona kwamba nguzo iliyopinduliwa yachukua mzigo kama iliyosimama sawa.

Msidhani kwamba kwa miaka hiyo yote alikaa Unguja akihesabu mawe tu. Tozer alijiuzulu mwaka 1873, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere alifanywa askofu huko London. Aliporudi, mwaka 1875, alitembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, mbali sana ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa kuwa aliona kwamba haifai kungoja watumwa pwani; heri kwenda kwao wanakotoka. Mwaka 1876 alichukua kundi la mahuru kutoka Unguja, wanaume na wanawake, akawapeleka kusini ili wapate kurudi katika nchi zao. Walipofika Masasi, penye milima ile ya mawe, wao wenyewe walisema wameona nchi iliyofanana na kwao, wakaomba kukaa. Steere aliwakubalia. Mji ule ukaanza hivyo, kwa watu waliochoka kutembea.

Na siku zote aliendelea na tafsiri. Alitafsiri Agano Jipya, na Kitabu cha Sala, na vitabu vya shule. Alipima kila neno kama alivyopima zege, akiwauliza wenyeji. Kiswahili alichokiandika ni Kiunguja, na mwaka 1928, wajuzi wa lugha walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili kimoja cha shule zote, walichagua Kiunguja. Kwa hiyo sisi wa Rufiji, ambao nyumbani twasema kwa namna yetu, tukifika shuleni twaandika kama walivyosema wazee wale wa Unguja waliomfundisha Steere. Naona ni haki kuwakumbuka wao pia. Yeye alishika kalamu. Maneno yalikuwa yao.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza, akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Alikuwa amechoka sana, naye alikuwa na umri wa miaka 54. Siku chache baada ya kushuka melini alikufa. Akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Mkewe, aliyemngoja muda wote ule, alimfuata baadaye.

Mkifika Mkunazini mtaonyeshwa, mbele ya madhabahu, duara ya marumaru nyeupe iliyozungukwa na nyekundu. Yasemwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakapigwa, kabla ya kuuzwa, na kwamba wekundu ule ni damu. Tena mtaonyeshwa msalaba uliofanywa kwa mti wa Chitambo, mti ambao chini yake moyo wa Dakta Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Livingstone aliwahi kuwalaumu Tozer na Steere kwa kukimbilia Unguja. Sasa kumbukumbu lake limo katika nyumba yao.

Michoro ya mawe kama ile ya Lincoln hamtaiona ukutani. Lakini tokeni nje, uwanjani, mtaona shimo la mraba, na ndani ya shimo wako watu watano waliochongwa, wamesimama, shingoni wamefungwa kwa mnyororo. Walichongwa na mwanamke wa Kiswidi, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Hawalii, hawapigani, wala hawamtazami anayewatazama. Wasimama tu chini ya usawa wa ardhi, nawe wawatazama kutoka juu, kama mnunuzi alivyotazama. Yule mtoto wa fundi wa mitumbwi alisimama pale kuliko wenziwe wote. Aliniuliza watu hawa walitoka wapi. Nilimjibu kwamba fundi hakuwaandika majina wala kabila, lakini wengi wa namna yao walitoka bara ya kusini, wakapita Kilwa. Na baada ya mwaka 1873, walipita wapi? Nikamwambia, walipita kwetu.

Hakusema neno. Tuliporudi ndani kuchukua mizigo nilimwona ameinama kwenye nguzo za mlangoni, anazipima kwa shubiri, chini kisha juu, mpaka akahakikisha mwenyewe kwamba ni kweli zimepinduliwa. Ndipo tukaenda bandarini, maana meli haingoji watu.